Sura ya 4: Kulitafuta Jibu Lisilokumbukwa

Ligi ya chemsha bongo ya mtandaoni ni mashindano ya maswali yanayochezwa kwa maandishi, mtu mmoja dhidi ya mwingine, kwa msimu mzima. Inayojulikana zaidi, LearnedLeague ya Marekani, ilianza mwaka 1997. Msimu wake una siku 25 za mechi. Kila siku hutolewa maswali 6, yale yale kwa wachezaji wote, na kila mchezaji hupangiwa mpinzani wake wa siku hiyo. Hakuna machaguo ya A, B, C na D, hakuna kengele ya kubonyeza, na ni marufuku kulitafuta jibu popote nje ya kichwa. Kwa kuwa kinachosafiri ni maandishi matupu, mchezaji aliyeketi Nakuru na simu yenye bando dogo hana upungufu wowote mbele ya mpinzani wa Boston.

Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki walizoea mashindano ya aina nyingine. Celtel Africa Challenge, yaliyoanza mwaka 2007 na baadaye kuitwa Zain Africa Challenge, yaliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu mbele ya kamera, John Sibi-Okumu akiwa mwendeshaji. Huko kasi ilikuwa na thamani kubwa: aliyejua jibu sekunde moja baada ya mwenzake alikuwa sawa na asiyejua. Katika ligi ya maandishi, mchezaji anaweza kulisoma swali asubuhi, akalibeba kichwani hadi kazini, akalijibu jioni. Muda huo ndio unaoipa hoja nafasi. Anayesema "silijui" baada ya kusoma mara moja amepoteza kitu ambacho mchezo wenyewe ulimpa bure.

Kujitungia machaguo

Kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, watoto wa Kenya walimaliza shule ya msingi kwa mtihani wa KCPE, ambao maswali yake mengi yalikuwa na majibu manne ya kuchagua. Mtahiniwa aliyekwama alifuta moja, akafuta la pili, akabaki kupima mawili. Ustadi huo ni wa kweli na unafaa katika ligi, ila ligi haimpi mtu kitu cha kufuta. Kazi ya kwanza ya mchezaji ni kujiandikia machaguo mwenyewe. Kazi ya pili ni kuyafuta kwa dalili zilizomo ndani ya swali. Mbinu nyingine zote katika sura hii zinatokana na hizo mbili.

Chukua swali hili la mfano: Ni ziwa gani la Kenya, lililotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 1995, ambalo maji yake hayana chumvi ingawa hakuna mto unaoonekana ukitoka ndani yake?

Mchezaji asiyekumbuka chochote kuhusu Ramsar anaweza kuanza kwa kuyapanga maziwa kutoka kaskazini kwenda kusini: Turkana, Baringo, Bogoria, Nakuru, Elementaita, Naivasha, Magadi. Pembeni anaongeza Victoria. Victoria linaondoka mara moja, maana Mto Naili unatoka humo. Bogoria, Nakuru, Elementaita na Magadi ni maziwa ya magadi, na Turkana lina chumvi kiasi. Yanabaki mawili, Naivasha na Baringo. Yote mawili hayana chumvi, na yote mawili hupoteza maji yake chini kwa chini kupitia miamba. Dalili ya mto, kwa hiyo, imefanya kazi yake na haiwezi kuyatenganisha zaidi. Kilichobaki ni mwaka.

Hapo maarifa nusu yana faida. Anayejua tu kwamba Nakuru lilikuwa ziwa la kwanza la Kenya katika orodha hiyo, mwaka 1990, anaweza kujiuliza ni lipi kati ya hayo mawili lingefuata upesi. Naivasha liko karibu na Nairobi, limezungukwa na mashamba ya maua yanayouza Ulaya, na mvutano juu ya maji yake ni wa miaka mingi. Baringo liko mbali zaidi na barabara kuu. Jibu la busara ni Naivasha, na ndilo sahihi: Naivasha liliingia mwaka 1995, Bogoria 2001, Baringo 2002 na Elementaita 2005.

Neno lenye uzito kuliko yote katika swali hilo ni "ingawa". Ziwa lisilo na njia ya kutolea maji hukaushwa na jua kidogo kidogo, chumvi ikabaki na kujilimbikiza. Ndiyo maana maziwa mengi ya Bonde la Ufa ni ya magadi. Mtunzi aliandika "ingawa" kwa sababu jibu lake linakwenda kinyume na kanuni hiyo. Maneno kama "ingawa", "hata hivyo", "pekee" na "licha ya" huonyesha mahali ambapo mtunzi mwenyewe ameona ajabu. Msomaji makini huyawekea mstari kabla ya kitu kingine chochote.

Tarehe hufuta majina

Dalili inayofuta haraka kuliko zote ni mwaka. Swali la pili la mfano: Ni mwanajiolojia gani Mwingereza aliyefika Ziwa Baringo mwaka 1893, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1896 kililieneza jina la Bonde Kuu la Ufa?

Orodha ya Wazungu waliopita eneo hili karne ya 19 si ndefu. Gustav Fischer, Mjerumani, alifika upande wa Naivasha mwaka 1883, na mnara wa mwamba ulio ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate unaitwa kwa jina lake. Joseph Thomson alipita mwaka huo huo wa 1883 na kufika Baringo. Jina lake limebaki kwenye maporomoko ya Nyahururu na kwa swala tomi. Sámuel Teleki, kabaila wa Hungaria, alifika Ziwa Turkana mwaka 1888 na kuliita Rudolf kwa heshima ya mrithi wa kiti cha Austria. Watatu hawa wanafutwa na tarehe peke yake, na uraia unathibitisha: Thomson alikuwa Mskoti, wengine wawili hawakuwa Waingereza. Anayebaki ni John Walter Gregory. Mchezaji aliyesahau jina lake anaweza bado kulipata kwa njia ya mzunguko, kwa kuwa wanajiolojia huliita tawi hili la mashariki la bonde kwa jina la Gregory.

Tarehe hufanya kazi nzuri zaidi inapokutana na vyeo. Jomo Kenyatta aliwahutubia walowezi wa Kizungu mjini Nakuru tarehe 12 Agosti 1963, akiwahimiza wabaki na kulima. Swali likiuliza alikuwa na cheo gani siku hiyo, ulimi wa wengi utakimbilia "Rais". Hatua tatu zinatosha kuuzuia. Kenya ilipata serikali ya ndani tarehe 1 Juni 1963. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Jamhuri ilitangazwa mwaka mmoja baadaye, tarehe 12 Desemba 1964, na hapo ndipo nchi ilipopata rais. Agosti 1963 iko kati ya hatua ya kwanza na ya pili, hivyo Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu. Hakuna haja ya kuikumbuka hotuba yenyewe. Kalenda ya uhuru inatosha.

Mfano mwingine unatoka kwenye reli. Kabla ya mwaka 1902, Nakuru ilihesabiwa kuwa ndani ya himaya gani ya Waingereza? Jibu linaloonekana jepesi ni Himaya ya Afrika Mashariki, ndiyo Kenya ya leo. Lakini swali lenye tarehe namna hiyo halitungwi bure: "kabla ya 1902" ina maana kwamba mwaka huo kitu kilibadilika. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896, ikapita Nakuru na kufika Kisumu mwaka 1901, iliitwa Reli ya Uganda ingawa kituo chake cha mwisho leo kiko Kenya. Jina hilo linaeleweka zaidi mtu akitambua kwamba nyanda za Naivasha, Nakuru na Kisumu zilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda hadi zilipohamishwa mwaka 1902. Jibu ni Uganda. Mchezaji hakulazimika kulijua. Alilazimika kujiuliza kwa nini tarehe iliwekwa.

"Wa kwanza", "mkubwa" na mitego mingine

Maneno ya upeo hupoteza pointi nyingi kwa sababu kumbukumbu huleta jina maarufu badala ya jina sahihi. Nani alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni ya wanaume katika Olimpiki? Sifa za Eliud Kipchoge zinaweza kumvuta mtu aandike jina lake, naye kweli alishinda Rio na Tokyo. Anayejua historia ya mbio ndefu za Kenya anaweza kuteleza upande mwingine, akidhani ushindi huo ulikuja zamani sana, enzi za Kipchoge Keino. Keino alipata dhahabu zake katika mita 1,500 mwaka 1968 na kuruka viunzi na maji mwaka 1972. Katika marathoni, Douglas Wakiihuri alipata fedha mwaka 1988, na Erick Wainaina akapata shaba mwaka 1996 na fedha mwaka 2000. Dhahabu ilisubiri hadi Beijing 2008, iliponyakuliwa na Samuel Wanjiru wa Nyahururu kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Njia ya kumfikia ni kuuliza: kabla ya Kipchoge wa 2016, nani? Jina maarufu linatumika kama kituo cha kuanzia safari ya kurudi nyuma.

Umeme wa jotoardhi una mtego wa namna hiyo. Kituo cha Olkaria, kusini mwa Naivasha, kilianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na mara nyingi husemwa kuwa cha kwanza barani Afrika. Hata hivyo, mtambo mdogo ulijengwa Kiabukwa, Katanga, mwaka 1952. Swali likisema "kituo kikubwa cha kwanza", jibu ni Olkaria. Likisema "cha kwanza" tu na kutaja miaka ya 1950, mtunzi ana jibu jingine mkononi. Kivumishi kimoja kinabadilisha nchi nzima.

Maarifa ya nyumbani kwa maswali ya mbali

Maswali mengi ya ligi za mtandaoni hutungwa na watu wa Marekani na Uingereza. Besiboli, vipindi vya televisheni vya miaka ya 1970 na magavana wa majimbo hujitokeza mara kwa mara, na hoja haiwezi kumfundisha mtu wachezaji wa timu asiyoijua. Lakini sehemu kubwa ya maswali ya jiografia, sayansi na historia inagusa mambo ambayo mkazi wa Bonde la Ufa anayaona kwa macho.

Swali: Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote nchini Marekani, mita 594, liko katika jimbo la Oregon, ndani ya shimo lililobaki Mlima Mazama ulipobomoka takriban miaka 7,700 iliyopita. Linaitwaje? Mtu aliyepanda Menengai ameliona jibu bila maji. Shimo la Menengai, lenye upana wa takriban kilomita 12 kwa 8 na ukingo unaofikia mita 2,278, lilitokea kwa namna ile ile: uji wa moto ulitoka chini ya mlima, paa likakosa nguzo, likazama. Watu wa Nakuru huliita Menengai Crater kila siku. Mchezaji akishatambua kwamba mtunzi anaeleza shimo la aina hiyo lililojaa maji, na kwamba Wamarekani hupenda kuyaita maeneo kwa jinsi yanavyoonekana, jina Crater Lake halihitaji tena kukumbukwa.

Vivyo hivyo, anayejua kwamba mvuke wa Olkaria unapanda kwa sababu ardhi ya bonde inatanuka na kupasuka, akiulizwa ni nchi gani ya Ulaya inayopasha nyumba zake joto kwa maji ya ardhini, atatafuta kwenye ramani mahali pengine ambapo ardhi inaachana. Jibu litakuwa Iceland.

Kukisia kwa mpango

Katika LearnedLeague jibu lisilo sahihi halipunguzi pointi. Kuacha nafasi wazi ni kosa la hesabu. Yakibaki machaguo mawili, kukisia kunampa mchezaji takriban nusu ya nafasi; yakibaki manne, robo; nafasi wazi inampa sifuri. Kuna kanuni tatu za kusaidia uamuzi.

Kwanza, jibu lazima liwe la aina iliyoulizwa. Swali likitaka mlima, usiandike kaunti. Kosa hili ni la kitoto, lakini hutokea kila msimu kwa wasomaji wenye haraka. Pili, mtunzi wa kimataifa anataka jibu ambalo msomaji wa mbali angeweza kulisikia. Kati ya Naivasha na kijito kisichojulikana nje ya kaunti, Naivasha lina uzito zaidi. Tatu, dalili zote zihesabiwe. Jibu linaloridhisha dalili mbili na kuipuuza ya tatu halijafika. Mtunzi mzuri haweki neno la kupamba. Kama ametaja rangi, kabila, mwezi au idadi, kuna sababu.

Pointi na mpinzani

Katika mchezo wa vitendawili, aliyeshindwa huambiwa "nipe mji", naye hutoa mji ili afumbuliwe. Ligi ya mtandaoni ina toleo lake la kodi hiyo, ila hapa mchezaji ndiye anayeamua mapema kila swali litamgharimu kiasi gani. Anapowasilisha majibu yake, humpangia mpinzani thamani ya maswali yote 6: moja la pointi 0, mawili ya pointi 1, mawili ya pointi 2, na moja la pointi 3. Jumla ni 9. Mpinzani akipata swali, huchukua thamani aliyopangiwa.

Hesabu yake ina mshangao. Aliyepata maswali 4 anaweza kuvuna pointi 8, lakini akikabiliwa na mpangaji hodari huondoka na 4 tu. Aliyepata maswali 2 anaweza kubanwa hadi pointi 1, au akavuna 5. Kwa hiyo mtu aliyejibu maswali mawili anaweza kumshinda aliyejibu manne, iwapo alipanga vizuri na mwenzake akapanga vibaya.

Kosa la kawaida ni kuweka pointi 3 juu ya swali lililomshinda mchezaji mwenyewe. Mchezaji wa Nakuru anakwama kwenye swali la besiboli, analiona gumu, analipa 3, na mpinzani wa Boston anazichukua bila jasho. Siku hiyo hiyo kuna swali kuhusu cheo cha Kenyatta mwezi Agosti 1963. Mchezaji wa Nakuru analiona jepesi na kulipa 0. Amepanga kinyume. Ugumu unaopaswa kupimwa ni ule wa mpinzani. Ligi huonyesha rekodi ya kila mwanachama kwa kila somo, hivyo kupanga pointi ni hoja ile ile ya kufuta: anajua sayansi, anajua michezo ya kwao, hajui historia ya Afrika, basi 3 ziende Afrika na 0 ziende besiboli.

Uaminifu na mazoezi

Mchezo huu unasimama juu ya uaminifu. Simu inayotumika kujibu ndiyo simu inayoweza kulitafuta jibu kwa sekunde chache, na hakuna msimamizi anayekaa kando ya mchezaji. Ligi imedumu kwa sababu wanachama huingizwa kwa kualikwa na wenzao, na kwa sababu ushindi wa kunakili hauna ladha. Kwa mtu anayetaka kunoa akili yake, kulitafuta jibu kabla ya kulijibu ni kujinyima zoezi lenyewe.

Baada ya majibu kutolewa, mambo hugeuka: hapo ndipo pa kutafuta. Njia yenye faida ni kuweka daftari lenye safu mbili. Ya kwanza ni ya maswali ambayo mchezaji hakuwa na maarifa yake kabisa. Hayo yanahitaji kusoma. Ya pili ni ya maswali ambayo maarifa yalikuwepo lakini hayakuunganishwa, kama yule aliyejua tarehe ya jamhuri akaandika "Rais". Safu ya pili ndiyo inayoonyesha hoja ilikatikia wapi, na makosa yake hurekebishika kwa kujifunza kusoma swali pole pole.

Kwa kusoma, eneo la Nakuru lenyewe ni maktaba. Kilima cha Hyrax, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, kiko ukingoni mwa jiji. Kariandusi, karibu na Gilgil, ina mashoka ya mawe yaliyotambuliwa na Louis Leakey mwaka 1928. Njoro kuna Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939. Nakuru yenyewe ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kila moja ya mambo hayo ni dalili inayosubiri swali lake.

Anayeanza leo asiogope ukubwa wa dunia inayoulizwa. Asome swali mara mbili, aandike machaguo yake, ayafute moja moja, na asiache nafasi wazi.